Siku Hakimu Alipopimwa

Walimwita Bubu, na bubu hakuwa. Ulimi alikuwa nao mzima, ila aliutumia kama fundi anavyotumia misumari ya shaba: mmoja mmoja, tena pale tu panapohitajika. Akikuambia "haya", umesikia hotuba. Akikutazama bila kusema, rudia kazi yako, kuna mahali umekosea.

Alizaliwa kiwandani. Si maneno ya kupamba. Mama yake alishikwa na uchungu alipowapelekea mafundi chai, akajifungulia kwenye chumba cha mbao, juu ya maranda. Baba yake aliposikia kilio aliuliza, "Mwanamume?" Akajibiwa ndiyo. Akasema, "Basi msogezeni, kalalia mbao ya mkuku." Mkuku ndio uti wa mgongo wa chombo.

Huyo baba ndiye Fundi Mkubwa, mwenye kiwanda hicho cha kuunda vyombo vya baharini. Alifika katika mji ule na tezo moja na msumeno wenye meno pungufu. Ufuo wenyewe ulikuwa jalala. Akafukua takataka, akalaza magogo kuelekea majini yawe mteremko wa kushushia vyombo, akaezeka banda, akaanza. Cha kwanza kilikuwa kimashua cha kuvushia watu ng'ambo ya mkono wa bahari. Watu walicheka, wakasema kinafanana na kiatu. Kikavusha watu miaka thelathini.

Kusoma hakujua, na namba zilimchosha. Kwa hiyo siku ya kwanza alisimama wima, akanyoosha mkono wa kulia, akamwambia mkewe akate fimbo ya mti mgumu kuanzia begani hadi ncha ya kidole cha kati. Ncha zote mbili akazichovya lami. Haikuwa na alama yoyote. Ukitaka nusu, unachukua kamba ya urefu wa fimbo, unaikunja. Ukitaka robo, unaikunja tena. Mafundi wawili walipogombana juu ya ubao, mmoja akisema mrefu na mwingine akisema mfupi, mzee aliilaza fimbo juu ya ubao na kusema, "Huyu ndiye hakimu. Rufaa hakuna."

Jina likakaa. Hakimu alilala ukutani juu ya vigingi viwili, na kila chombo kilijengwa kwa neno lake. Tepu ya dukani haikuvuka geti. Fundi mgeni akija nayo, aliiacha kwa mlinzi kama mtu anavyoacha mwavuli.

Fundi Mkubwa alipata watoto wawili wa kiume. Bubu, mkubwa, alikua akishika tezo. Mdogo alipelekwa shule, akarudi na kalamu nyuma ya sikio, nao mji ukamwita Karani. Mzee alipokuwa anakata roho aliwashika mikono. "Wewe mikono," akamwambia mkubwa. "Wewe mdomo," akamwambia mdogo. "Msigawane." Akafa. Wakaishi hivyo, mikono na mdomo, na kwa miaka mingi haikuwa mbaya.

Bubu alioa muuza pamba. Yule binti alileta nyuzi za pamba kiwandani kwa mafungu, za kuziba mishono kati ya ubao na ubao. Siku moja alimwona fundi akiishindilia ovyo, akamnyang'anya tindo na nyundo ya mbao. "Baba, wewe unaua nyoka au unaziba?" Mafundi wakacheka. Fundi Mkubwa, ambaye wakati huo alikuwa hai, hakucheka. Alichukua msumari, akaujaribu mshono wa yule binti, msumari haukuingia. Akamgeukia mwanawe. "Huyu asiondoke hapa." Bubu akasema, "Haya." Hiyo ndiyo posa yote.

Wakamwita Mama Pamba, maana nywele zake zilikuwa na pamba siku zote. Mungu hakuwapa mtoto. Mwenyewe alisema watoto wake wanaelea. Akimaliza mshono alibisha ubao mara tatu kwa nyundo, ko ko ko, kisha anaweka sikio. Bubu alikuwa akitengeneza mbavu za chombo huku, anasikia ko ko ko kule, na siku yake inakuwa imekamilika.

Kiwanda kile kilikuwa na sheria moja kubwa: chombo hakiguswi na bahari mpaka kinywe kwanza. Kikiwa bado juu ya mteremko walikijaza maji tumboni, siku tatu. Mahali maji yanapopata njia ya kutoka, ndipo bahari itakapopata njia ya kuingia. Mama Pamba alizunguka nje na chaki, kila tone akalichorea duara. Kisha maji yanafunguliwa, naye anaingia kazini.

Sasa, kikaja chombo cha kubebea saruji.

Mwenye saruji alikuwa na haraka. Shehena ilikuwa gatini, wingu lilikuwa juu, alikuja asubuhi na jioni kuuliza. Katikati ya haraka hiyo akafariki mjomba wake Mama Pamba, mji wa mbali. Mke na mume wakafunga safari ya maziko. Pale getini Mama Pamba alimgeukia Karani, akanyooshea kidole chombo kilichokuwa mteremkoni.

"Shemeji, huyu hajanywa bado."

"Nendeni salama shemeji. Nani atamgusa?"

Walikaa siku mbili. Waliporudi, mteremko ulikuwa mtupu.

"Yuko wapi?" Bubu akauliza.

"Kaenda. Mwenyewe kafurahi kweli."

"Kanywa?"

Karani akacheka. "Atanywa hukohuko, kaka. Bahari ina uhaba wa maji?"

Akanywa kweli. Hakufika hata kwenye boya la nje. Nahodha alipoona maji yamefika kwenye mifuko alimgeuza, akampandisha kwenye fungu la mchanga mbele ya mji. Mabaharia wakatembea hadi ufukweni, maji kifuani, wote wazima. Lakini saruji ni saruji. Kwa siku mbili ikashika, gunia juu ya gunia, ikawa jiwe moja. Chombo kikakaa pale na jiwe tumboni. Hakivutiki, hakizamishiki. Miaka ilipopita mbao zikaoza, tumbo likabaki. Hata leo maji yakitoka unaliona, na michirizi ya mbavu juu yake.

Mwenye saruji alikuja kiwandani na watu nyuma yake. Karani akapanda juu ya gogo ili aonekane.

"Jamani, kila kazi hapa ina mwenyewe. Kujenga si kosa, kaka yangu hajapata kukosea. Kosa ni mshono. Na mshono una mwenyewe. Kosa langu mimi ni kumwachia mwanamke kazi ya wanaume."

Mama Pamba alikuwa amesimama na nyundo mkononi. "Shemeji. Hakunywa."

"Alikunywa. Nimemjaza kwa mkono wangu huu. Chaki yako ndiyo haikuona."

Alisema hivyo, kwa sauti kubwa, akimtazama machoni. Mafundi kumi na wawili walikuwa pale. Wote walijua. Kila mmoja akaangalia vidole vya miguu yake kana kwamba anavihesabu.

Naye Bubu? Watu wengine wakikasirika hupayuka. Yeye alikauka. Maneno yalimjaa kooni yote kwa pamoja, likakosekana la kutangulia. Akasimama vile, mdomo wazi, mpaka wakati wa kusema ukapita. Mke wake alimtazama kidogo. Kisha akaitundika nyundo yake kwenye msumari wa nguzo.

"Nyundo yenu hiyo. Mwenye macho aishike."

Akatoka. Njia ilipita mbele ya kinyozi, mtu wa maneno ambaye majina yote ya mji ule yalitoka kwenye kiti chake. Kinyozi akachungulia na wembe mkononi. "Jamani mpisheni Mama Tobo, asije akatuzamisha na sisi!" Waliokuwa wanasubiri kunyolewa wakaangua kicheko. Kabla ya wiki kwisha lile jiwe baharini likawa Mwamba wa Mama Tobo. Wavuvi walilitumia kuelekezana: pita kushoto kwa Mama Tobo, nanga weka nyuma ya Mama Tobo.

Bubu alibaki nyuma kukusanya vifaa vyake. Banda lilikuwa tupu. Akamwona Hakimu juu ya vigingi. Akamshusha, akamlaza mezani, akamkata ncha moja, upana wa kidole gumba. Akaichovya upya kwenye lami, akamrudisha. Kipande akakitia mfuko wa shati. Mikono ndiyo iliyosema siku ile, na ilichosema ni hiki: jengeni sasa.

Alitegemea vyombo vitoke vimepinda kama ndizi. Alitegemea mbao zikatae kukutana. Alitaka Karani asimame mbele ya watu na chombo kilicholala ubavu, aulizwe, akose la kujibu kama yeye alivyokosa.

Wakawa wanaishi chumba kimoja na ukumbi, nyuma ya ghala la chumvi. Yeye alitengeneza milango na vigoda. Mama Pamba alishona magodoro. Mtu aliyejenga vyombo vya kubeba tani sitini anagongea mteja bawaba. Kila ikisikika kwamba kiwandani wanashusha chombo, Bubu alivaa shati, akaenda kusimama pembeni ya ghala, mahali unapouona mteremko, akangoja.

Cha kwanza kikashuka, kikaelea. Cha pili kikaelea, tena kwa madaha. Cha tatu watu walikishangilia. Kwenye cha nne ndipo alipoelewa, akakaa chini palepale juu ya gunia la chumvi. Mkuku ulikuwa umepungua, na mbavu zimepungua, na ubao umepungua, vyote kwa kiasi kilekile. Ni kama kumpunguza mtu pamoja na nguo zake. Nani atajua? Hakimu alikuwa amekatwa, na hukumu zake zilikuwa sawa tu.

Akaendelea kungoja. Miaka kumi na tisa, vyombo kumi na saba. Jambo jingine aliliona akiwa pale pembeni, nalo lilimchoma kuliko kuelea kwenyewe. Tangu siku ya saruji, Karani hakushusha hata mtumbwi bila kuunywesha. Badala ya siku tatu, wiki nzima. Mafundi waliona. Walijua kwa nini. Wakanywa chai yao.

Mama Pamba aliugua kifua. Alilala miezi minne. Siku moja alibisha ubao wa kitanda kwa kidole, ko ko ko, akaweka sikio.

"Mshono huu umefunguka, mume wangu."

"Nitauziba."

"Huu hauzibiki." Akapumzika. "Nyundo yangu bado iko pale?"

"Iko."

"Nani anaishika?"

"Hakuna."

"Vizuri." Kisha akamshika mkono, ule ule mkono uliokuwa na kila kitu isipokuwa maneno. "Usiniache na lile jina."

Alikufa asubuhi, chai ikiwa jikoni. Kwenye maziko mtu mmoja wa mtaa wa pili, mtu mwema tu, aliuliza kwa upole, "Ni Mama Tobo, siyo? Nimesikia ni Mama Tobo." Bubu alilisikia jina hilo likishuka kaburini pamoja na mkewe. Karani hakuja. Alituma mbao nzuri za jeneza, na neno kwamba amebanwa na kazi. Bubu akazibeba mbao mbilimbili hadi kiwandani, akaziegemeza getini, akarudi akatengeneza jeneza kwa mlango wa nyumba yake mwenyewe. Mwezi mzima alilala na pazia badala ya mlango.

Aliyekuja kwenye maziko ni mtoto wa Karani. Sasa ni mtu mzima, msimamizi wa mafundi, na kiwandani wanamwita Msimamizi hivyohivyo. Alibeba jeneza upande wa kichwa, na kwenye udongo alipiga magoti. Utoto wake wote alikula kwa Mama Pamba. Alimwita mama mkubwa, akalia bila kujificha.

Ulipopita mwezi Bubu alifungua kopo la mkewe la sindano. Chini kabisa alikuta kifundo cha pamba, kimesokotwa vizuri kama cha kuzibia. Akakifungua. Ndani yake kulikuwa na kipande cha mti mgumu, upana wa kidole gumba, ncha moja nyeusi kwa lami.

Miaka yote alidhani kilidondoka njiani. Kumbe lile shati alilifua nani? Mama Pamba alikipata, akakijua, akakiweka. Hakuuliza, hakukemea, hakusema kitupe. Kumbe waliokuwa wakingoja walikuwa wawili.

Bubu akakirudisha kwenye pamba yake. Akakitia mfukoni, na safari hii akafunga kifungo cha mfuko.

Haukupita muda mrefu Msimamizi akaja, alasiri, jasho linamtoka. Hakukaa.

"Baba mkubwa, shikamoo. Mimi nimekwisha."

"Marahaba. Kunywa maji."

"Sitaki maji, baba mkubwa. Kuna mashine." Akamweleza akiwa amesimama. Chombo cha safari hii ni cha kwanza cha kiwanda kuwekwa mashine kubwa kutoka nje. Mwenye chombo ni mama mmoja mfanyabiashara, mkali, amekileta chuma chake juu ya lori mpaka getini. Karatasi za mashine zinasema urefu ni mita mbili na sentimita arobaini. Na ukutani mwa ofisi, tangu enzi za babu, Karani aliandika kwa rangi: fimbo moja, sentimita themanini. Kwa hiyo chumba cha mashine kikajengwa fimbo tatu kamili.

"Kisha?"

"Haiingii! Tunaishusha kwa mnyororo, inakaa juu ya ukuta kama kuku kwenye uzio. Imekataa kwa vidole gumba vitatu. Fundi mashine ameipima na tepu yake hukohuko nje, mbili arobaini. Chumba tumekipima na Hakimu mara tano, fimbo tatu. Ya nne na ya tano amepima baba mwenyewe. Hakimu anasema sawa, chuma kinasema si sawa!"

"Hakimu mmempima?"

Msimamizi akamkodolea macho kama mtu aliyeulizwa kama amempima baba yake mzazi. "Hakimu apimwe na nini?"

Bubu akashika kifungo cha mfuko wake.

"Baba anasema nimezipinda kuta. Kesho asubuhi mwenye chombo anakuja, anasema isipokaa anaondoka na mashine yake na hatarudi. Na baba amesema nitatajwa. Mbele ya mafundi wote, mbele ya yule mama. Kosa lina mwenyewe, kasema."

Kosa lina mwenyewe. Bubu aliyasikia maneno hayo yakitoka juu ya gogo lilelile. Alikuwa amengoja miaka kumi na tisa kisu chake kikate, nacho sasa kilikuwa kinakata, ila shingo haikuwa ile. Akamtazama kijana aliyepiga magoti kwenye udongo.

"Nitakuja," akasema.

"Utasema nini, baba mkubwa?"

"Nenda kalale."

Asubuhi Bubu alivaa shati lake la kusimamia pembeni ya ghala. Leo hakusimama pembeni, alipita getini. Mlinzi alikuwa ameketi na tepu ya fundi mashine mapajani, na fundi mashine mwenyewe amemsimamia, analalamika. "Tepu yangu inashikiliwa kama mwizi! Nimefanya kazi bandari tatu, sijaona." Mlinzi alipomwona Bubu akasimama wima.

Wote walikuwa chini ya chombo. Mafundi, wazee saba wa siku ile na wengine wapya. Mwenye chombo, mama wa mwili, mikono kiunoni. Msimamizi, kichwa chini. Na Karani juu ya gogo, miwani puani, nywele nyeupe, sauti ileile.

"Jamani, kila kazi hapa ina mwenyewe..."

"Shuka," akasema Bubu.

Hakupaza sauti. Lakini watu wengine pale hawakuwa wamepata kuisikia sauti hiyo, wakageuka wote.

"Kaka!" Karani akatabasamu na meno ya mbele tu. "Karibu. Umetupotea. Pole na msiba, nilikuwa..."

"Najua kasoro ya chombo. Kazi ya siku mbili. Kijana hana kosa."

Mwenye chombo akadakia, "Basi sema baba yangu, unangoja nini? Mimi nimelala hoteli siku nne, kunguni wamenizoea, wananiita kwa jina."

"Namngoja huyu. Aseme kwanza."

"Niseme nini?" Karani akauliza.

"Chombo cha saruji kilikunywa?"

Mtu aliyekuwa akipiga randa kule nyuma akaacha.

"Kaka, mambo ya kale hayo. Marehemu amelala. Tuna mgeni hapa."

"Siku ile pia palikuwa na wageni."

"Huo ni ugomvi wa nyumbani, tutakaa mimi na wewe..."

"Haya," akasema Bubu, akageuka kuondoka. Alipiga hatua tatu, na hakuwa akitishia tu. Angefika kwake akaendelea kuwagongea watu bawaba. Mwenye chombo ndiye aliyepiga kelele.

"Wewe mzee wa miwani! Umeulizwa swali dogo. Kilikunywa, hakikunywa? Nipakie mashine yangu?"

Karani akawatazama mafundi, labda wamwokoe. Wale saba wakaangalia vidole vya miguu. Walikuwa na mazoea hayo. Safari hii hayakumsaidia.

"Hakikunywa," akasema, ndani ya ndevu.

"Sikusikia," akasema Bubu. "Mke wangu aliambiwa kwa sauti. Nawe mwambie kwa sauti, hapohapo gogoni."

Na Karani, mtu mzima mwenye wajukuu, hakuwa ameshuka gogoni. Akavua miwani, akaipangusa, akaivaa tena. "Chombo cha saruji hakikunywa! Nilikishusha mimi. Shemeji alikuwa mazikoni, na aliniambia. Mshono haukuwa na kosa. Nilisema uongo." Kisha polepole, "Wote hawa wanajua."

Fundi mmoja mzee akaanza kulia. Bubu hakumtazama. Alikwenda kwenye vigingi viwili, akamshusha Hakimu, akamlaza juu ya benchi mbele ya watu wote. Akafungua kifungo cha mfuko, akafungua pamba, akakiweka kile kipande mwisho wa fimbo. Mshipa wa mti ukakutana na mshipa wa mti.

"Mwiteni yule aje na tepu yake."

Fundi mashine akaja mbio kama mtu aliyeitwa kwenye karamu. Akapima. "Na kipande, themanini. Bila kipande, sabini na saba na nusu." Akapiga hesabu hewani. "Pungufu mbili na nusu, mara tatu... saba na nusu. Hivyo ndivyo vidole vyenu vitatu, jamani!"

Karani alishuka gogoni kwa kushikilia nguzo. "Ulimkata Hakimu."

"Nilimkata."

"Lini?"

"Siku ileile. Mlipokuwa mnacheka."

"Fimbo ya baba! Vyombo kumi na saba, kaka! Kumi na saba, vyote..."

"Vyote vinaelea."

"Ulitaka visielee!"

"Nilitaka," akasema Bubu. "Vikakataa."

Mwenye chombo akapangusa shingo na leso, akasema taratibu, kwa nafsi yake, "Familia hii." Bubu akamgeukia Msimamizi.

"Ukuta wa mbele. Usogeze vidole vitatu na nusu, mashine ipumue. Mbavu usiguse."

"Sawa, baba mkubwa." Macho ya kijana yalikuwa mekundu, na yalikuwa na hasira pia, haki yake. Usiku uliopita alijilaumu mpaka asubuhi, kwa kisu cha mtu mwingine. Bubu aliiona hasira hiyo, akaikubali. Aliongeza neno moja ambalo hakulizoea.

"Nisamehe wewe."

Karani akasogea. "Na mimi, kaka. Na mimi nisamehe."

Bubu alimtazama mdogo wake kwa muda. Maneno safari hii hayakumkwama. Hayakuwepo tu. Aliulizia ukweli, akapewa, akatoa kasoro ya chombo. Msamaha haukuwa kwenye mapatano. Akakwenda kwenye nguzo, akaitungua nyundo ya mbao. Vumbi lilikuwa limeshika kote, isipokuwa mpini, pale mkono wa mkewe ulipoulainisha. Akaipangusa kwa shati. Akabisha chombo mara tatu, ko ko ko, akaweka sikio. Akatoka.

Hakwenda nyumbani. Alikwenda kwa kinyozi. Kinyozi naye alikuwa mzee sasa, anamnyoa mtu akiwa na miwani, lakini mdomo haukuwa umezeeka. Habari zilikuwa zimeshamfikia. Zilimpita Bubu njiani kwa baiskeli. Aliyekuwa kitini aliinuka nusu kanyolewa, akampisha. Bubu akakaa, nyundo mapajani.

Kinyozi alimfunga shuka shingoni. Akapaka povu. Akanoa wembe kuliko kawaida. Benchi lilikuwa limejaa watu wanaosubiri.

"Bubu," akasema hatimaye, "mimi nina mdomo mbaya."

Bubu akaigeuza nyundo mapajani.

"Lile jina nililitoa mimi. Hapahapa." Wembe ulikuwa hewani. "Sasa, ule mwamba. Watu lazima wauite kitu, wavuvi watapotea."

"Wauite."

Kinyozi akafikiri. Akatazama nje, ambako maji yalikuwa yanatoka na lile tumbo la jiwe limeanza kuchungulia. Kisha akawageukia waliokuwa kwenye benchi, na sauti yake ikawa ile ya zamani, ya kupasua mtaa.

"Jamani, mnasikia? Pita kushoto kwa Karani! Nanga weka nyuma ya Karani!"

Mtu mmoja akacheka, kisha wote. Kicheko kikatoka mlangoni, kikashika njia ya kiwandani.

Bubu aliegemeza kichwa, akafumba macho.

"Haya," akasema. "Ninyoe."